Ukingo wa Mbegu

Mwekee bibi wa Namasakata ungo wa mbegu zilizochanganyika, za maboga, vibuyu, mamumunye na madodoki, uone anavyoanza. Vidole hutangulia macho. Kidole gumba na cha shahada huishika mbegu moja na kuizungusha polepole, vikitafuta ukingo wake: ni laini au una mikwaruzo, ni mnene au umebanwa, una rangi ile ile ya tumbo la mbegu au umekoza. Mbegu ikishajulikana huangushwa kwenye fungu lake bila neno. Isipojulikana huwekwa pembeni mwa ungo, na hapo ndipo mazungumzo huanza, maana mbegu isiyojulikana ndiyo inayomfurahisha zaidi.

Ufundi huu hauna cheti wala kibao barabarani. Ni wa wanawake zaidi, wengi wao watu wazima, na umejificha ndani ya kazi nyingine kiasi kwamba mpita njia hauoni: mama anapika, anafagia, anaanika, kumbe anachagua kitakachoota Desemba. Mimi nimeutazama kwa heshima ambayo haijapungua. Kupanda mahindi ya pakiti ni kufuata maelekezo yaliyoandikwa na mtu mwingine. Kuotesha mbegu ya boga lisilo na jina dukani, lililotoka kwa mama mkubwa ng'ambo ya mto Ruvuma ndani ya fundo la kanga, kunamdai mtu aijue kwanza mbegu hiyo ni ya ukoo gani, ndipo ajue inataka nini.

Namasakata iko mkoani Ruvuma, upande wa nchi ambako mvua huja mara moja kwa mwaka. Huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili au Mei. Hakuna vuli ya kufidia masika yaliyoharibika. Kwa hiyo mbegu iliyofukiwa vibaya haimlipishi mtu wiki mbili tatu tu, inaweza kumlipisha mwaka mzima. Maneno mengi ya kilimo huku ni ya korosho, kwa sababu korosho ina mnada na stakabadhi ghalani. Boga halina mnada. Linatambaa chini ya mahindi, linapanda kichuguu, linakaa jaani nyuma ya jiko ambako majivu na takataka zimelainisha udongo, na kutoka huko linalisha nyumba kwa njia tatu: majani yake ni mboga, nyama yake ni chakula cha asubuhi na futari ya mwezi wa Ramadhani, mbegu zake hukaangwa na kutafunwa. Zile ambazo hazikukaangwa ndizo habari yangu.

Wataalamu wa mimea wanahesabu spishi tano za maboga zilizogeuzwa mazao, zote za jenasi ya Cucurbita. Tatu ndizo zinazokutana mara nyingi kwenye ungo, na ukizitazama kwa haraka zote ni mbegu bapa za rangi ya maziwa. Kaa nazo. Mbegu ya Cucurbita maxima ni nene, imejaa, nyeupe au ya kahawia isiyokolea, na ukingo wake hautofautiani sana na mwili. Ya Cucurbita moschata ni nyembamba zaidi, na ukingo wake umekoza rangi, umechanikachanika, ukiupitisha kidoleni unakwaruza kidogo. Ya Cucurbita pepo ina ukingo laini, uliochorwa sawasawa pande zote. Mikono iliyozoea hutenganisha hizo mbili za mwanzo hata gizani. Ya tatu huhitaji mwanga.

Mbegu peke yake haitoshi, na mjuzi huliuliza tunda lenyewe kabla halijapasuliwa. Kikonyo cha maxima ni cha mviringo, kinene, laini mithili ya kizibo, ukucha unaingia. Cha moschata ni kigumu, kina pembe tano, na kinapokutana na boga hutanuka na kulishika pande zote. Cha pepo nacho ni kigumu na kina miraba, lakini hakitanuki hivyo. Ndiyo maana anayejua hakati boga la mbegu bila kuacha kikonyo chake, na ndiyo maana boga lililokatwa kikonyo sokoni ili lipangike vizuri limeshanyang'anywa nusu ya maelezo yake. Majani nayo husema: ya moschata yana madoa meupe kwenye makutano ya mishipa na ni laini kushika, ya pepo yanachoma mkono.

Katika miaka ya 1850 Mfaransa Charles Naudin alipanda maboga ya kila namna katika bustani ya makumbusho ya Paris, akayachavusha kwa mkono ili aone lipi linazaa na lipi, na lipi linakataa. Umbo na rangi ya tunda vilikuwa vimewapotosha wataalamu kwa muda mrefu, kwa kuwa ndani ya spishi moja hupatikana boga la mviringo, la mbonyeo, la shingo, la kijani, la chungwa na la mistari. Naudin aliziwekea imani alama zisizovutia macho: kikonyo, jani, mbegu, na zaidi ya yote uwezo wa kuzaliana. Nikisoma kazi ya watu wa aina yake ninaona njia moja na ile ya ungo wa Namasakata. Kinachong'aa kwenye tunda huachwa, kinachorudiarudia kizazi hadi kizazi hushikwa.

Kibuyu kiko mbali na hao wote. Mbegu yake ni ya kahawia, imekaa kipembe, ina mistari inayoteremka kwa urefu, na upande mmoja ina vinundu viwili mfano wa masikio. Ganda lake ni gumu na zito kukubali maji. Hakizai na boga hata vikitambaa juu ya kichuguu kimoja, na maua yake yanatangaza tofauti hiyo kila siku: ua la boga ni la manjano na hufunguka alfajiri kuwangoja nyuki, ua la kibuyu ni jeupe na hufunguka jioni, wakati wa nondo. Kisayansi huitwa Lagenaria siceraria, nacho ni mwana wa Afrika. Mwaka 2004 ilichapishwa habari ya kibuyu cha mwituni kilichopatikana Zimbabwe, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa vibuyu vya kale vya Amerika vina undugu na vya Afrika, na kwamba yaelekea vilivuka Atlantiki vyenyewe, vikielea. Kibuyu kikavu kinaweza kukaa baharini kwa miezi na mbegu zake zikabaki hai. Boga lilifanya safari ya kinyume chake. Kwao ni Amerika, na huku kwetu lilifika baada ya mabaharia wa Ulaya kuanza kuvuka bahari hiyo mwishoni mwa karne ya 15. Kwenye ungo mmoja, basi, kuna mwenyeji na kuna mgeni wa karne chache ambaye ameshapata shamba, ndugu na mapishi.

Lipo jambo ambalo hakuna kidole kinachoweza kulisoma kwenye ukingo. Mbegu ya boga imebebwa na mama anayeonekana, tunda lenyewe, lakini poleni imeletwa na nyuki kutoka kwa ua dume lolote la spishi ile lililo karibu. Boga tamu lenye ngozi ya majivu likizaa karibu na boga la jirani lenye maji mengi, tunda la mwaka huu halitabadilika ladha hata chembe. Mabadiliko yamo ndani ya mbegu, na yatajitokeza mwakani. Nilipouliza kuhusu mbegu moja iliyowekwa pembeni, nilijibiwa hivi: "Hiyo, mwanangu, mama yake namjua. Baba yake anajua nyuki."

Jibu hilo lilikaa vizuri kwenye mdomo wa Myao. Kwa desturi ya Wayao ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na mume ndiye aliyekuwa akihamia kijijini kwa mke. Mabinti walibaki karibu na mama zao, na mbegu zikabaki karibu na mabinti. Nadhani utaratibu huo umesaidia sana aina za zamani kudumu, kwa sababu mbegu haikulazimika kuhama nyumba kila kizazi kipya kilipooa. Mwenye kutaka kumjua na baba ana njia: jioni hulitafuta ua jike, lile lenye kiboga kidogo nyuma yake, ambalo kesho yake litafunguka, akalifunga kwa uzi, na ua dume la mmea anaoutaka akalifunga vilevile. Alfajiri huyafungua yote mawili, hulisugua ua dume ndani ya ua jike, kisha hulifunga tena ua jike ili nyuki asiongeze la kwake, na hulifungia kikonyo kipande cha kitambaa. Kazi ya dakika chache. Ninaiona kuwa miongoni mwa kazi za adabu kubwa shambani, kwa kuwa matunda yake hayaonekani ila baada ya misimu miwili.

Wengi wasiofunga maua hufanya uchaguzi wao jikoni. Boga hupasuliwa, mbegu hutolewa na kuwekwa kando pamoja na utomvu wake, nyama inaingia sufuriani. Watu wanakula. Likiwa la maji, lisilo na unga, mbegu zake huenda kikaangoni. Likiwa kavu na tamu, lile ambalo watoto wamegombania ganda, mbegu zake huoshwa, huanikwa kivulini na kupewa mahali. Meza ya familia ndiyo inayopiga kura, na mpishi ndiye anayehesabu. Sijui shirika la utafiti lenye majaribio ya ladha yanayofanywa kwa bidii hiyo, mwaka hadi mwaka, na watu wale wale watakaolazimika kula matokeo.

Kuna subira nyingine hapa ambayo wenye haraka huikosa. Boga likikatwa shambani, mbegu zake bado hazijamaliza kukua. Zinaendelea kunyonya nguvu kutoka kwenye nyama kwa wiki kadhaa ndani ya tunda lililohifadhiwa, na mbegu iliyotolewa mapema mno huwa bapa, nyepesi, ukiibonyeza inabonyea. Boga la mbegu huachwa darini au pembeni mwa nyumba mwezi mzima au miwili kabla ya kisu. Kibuyu hungoja zaidi. Huachwa mpaka mmea unyauke na kikonyo kiwe cha kahawia, kisha hukauka kiangazi chote, na ukikitikisa unasikia mbegu zikigonga. Anayetengeneza chombo hukata mdomo, hujaza maji, huacha nyama ya ndani ioze, hutia kokoto na kutikisa. Mbegu hutoka pamoja na uchafu huo. Kwa hiyo fundi wa vibuyu na mtunza mbegu ni mtu mmoja, na mbegu nyingi hurudishwa mle mle zilimotoka: ndani ya kibuyu kilichokauka, pamoja na majivu, mdomo ukizibwa kwa gunzi la mhindi na chombo kikitundikwa juu ya moto, penye moshi usiopendwa na wadudu. Hapo pana faida ya ziada. Mbegu haisemi kama tunda lake litakuwa na shingo ndefu au tumbo la mviringo, lakini chombo kinachoibeba kinasema. Hata hicho kisiaminiwe kupita kiasi, maana shingo inayoning'inia kwenye chanja hunyooka, na ile inayolala ardhini hupinda, ingawa mbegu ni za tunda moja.

Mtu makini hapandi zote. Tembo wa ushoroba wa Selous na Niassa hupita mkoa huu, na usiku mmoja wa tembo shambani hauachi mahindi wala maboga. Mvua huweza kuanza, kuwahadaa wakulima, kisha ikakata wiki tatu. Na mkoa huu una kumbukumbu nzito zaidi ya hizo: katika Vita vya Maji Maji, kati ya 1905 na 1907, jeshi la Kijerumani lilichoma maghala na mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi zaidi kuliko risasi. Mbegu ya akiba juu ya jiko ni bima ambayo watu wa kusini wana sababu ya kuijua. Mbegu za maboga zilizokauka vizuri hukaa hai miaka minne hadi sita, basi akiba ya mwaka juzi bado ni mali.

Arusha kuna benki ya taifa ya nasaba za mimea, na Kenya ina ya kwake Muguga. Mbegu za maboga na vibuyu zinavumilia kukaushwa na kugandishwa, hivyo zinaweza kulala humo kwa miongo mingi. Nafurahi kwamba zimo. Lakini jokofu hutunza uhai wa mbegu tu. Tabia ya aina, utamu wake, unga wake, hutunzwa na anayeonja kila mwaka na kuamua, na huyo akiondoka bila mrithi, benki itabaki na mbegu yenye namba.

Sasa tuifukie. Mbegu ya jamii ya maboga na vibuyu inataka joto kuliko inavyotaka maji. Udongo ukiwa na nyuzijoto 25 hadi 35 huchipua ndani ya siku chache. Ukishuka chini ya 15 hulala tu, na ikilala kwenye unyevu huoza. Mbegu ile ile inayoharakisha Namasakata mwezi Desemba ingegoma kwenye vilima vya Mbinga mwezi Julai. Maji yakizidi, utando wake hufunika ganda na kuizuia kupumua, kwa hiyo mjuzi hulowanisha udongo kabla ya kupanda kisha huacha mkono. Asiyeamini akiba yake hufunga mbegu kumi kwenye kitambaa chenye unyevu, hukiweka pahali pa joto, na baada ya juma huhesabu zilizotoa mzizi. Kutupa mbegu majini ili zinazoelea zitupwe si kipimo cha kutegemea kwa vibuyu, kwa kuwa ganda la mbegu ya kibuyu lina hewa ndani na hata iliyo nzima huweza kuelea. Kibuyu hulowekwa usiku kucha, na wengine huisugua mbegu kidogo kwenye jiwe ili maji yapate mlango. Kisha hungojwa wiki moja, mbili, hata nne. Wengi wanaosema mbegu za vibuyu ni mbovu walifukua mapema.

Na ilazwe ubapa. Charles Darwin, pamoja na mwanawe Francis, alieleza sababu katika kitabu cha mwaka 1880 kuhusu miendo ya mimea. Mzizi mchanga ukishatoka na kuinama, chini ya shina hujitokeza kinundu kidogo, kisigino, upande unaotazama ardhi. Kisigino hicho huikanyaga nusu ya chini ya ganda na kuishikilia, huku shina likijikunja na kuvuta juu, mpaka ganda lipasuke na majani mawili ya kwanza yateleze nje yakiwa mazima. Kinachoamua upande wa kisigino ni mvutano wa dunia. Mwaka 1998 watafiti wa Kijapani walipeleka mbegu za matango, ndugu wa boga, angani ndani ya chombo cha Discovery, na huko kusiko na chini wala juu miche iliota visigino pande zote mbili. Mbegu iliyosimamishwa udongoni hukosa nafasi nzuri ya kukanyaga, na mche wake mara nyingine huchomoza umevaa ganda, majani yamebanwa. Mkono unaoilaza mbegu kwa utulivu, kina cha pingili ya kidole, unaifanyia nusu ya kazi.

Siwezi kuiacha kweme. Ni ya jamii hii hii, mwenyeji wa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, na kwa macho yangu ndiyo mbegu ya ajabu kuliko zote. Mkweme hupanda mti mrefu hadi kileleni na kuning'iniza tunda linaloweza kupita kilo kumi, na ndani mna mbegu bapa za mviringo zenye upana wa sentimita tatu hadi nne, kila moja imefungwa kwenye wavu wa nyuzi. Zina mafuta mengi. Kilimanjaro hupewa wanawake waliojifungua. Mimea yake ina jinsia, wa kiume mbali na wa kike mbali, na mbegu haitoi dokezo lolote. Mtu huotesha kadhaa, huzikuza miaka, hungoja maua, ndipo ajue kama atakula. Wazungu waliuandika mmea huu mwaka 1826, na mwaka uliofuata ukapewa jina la Telfairia kwa heshima ya Charles Telfair, daktari wa Mauritius. Waliokuwa wakiutundika mitini kabla yake hawakuandikwa popote.

Jani la tatu likitoka shambani, ndipo ungo unaposahihishwa. Majani mawili ya kwanza ya jamii hii hufanana mno, la tatu husema. Bibi hupita mstari akitaja: hili lenye madoa meupe ni la mama mkubwa, hili la mviringo lisilo na pembe ni la kijivu, hiki chenye harufu kali ukigusa ni kibuyu. Mche asioutambua hang'oi. Huuchomekea kijiti na kuuacha utambae, kwa sababu mchanganyiko wa nyuki mara chache huleta boga bora kuliko wazazi wake, na hakuna njia ya kulijua ila kulingoja. Likikomaa, kabla halijaingia sufuriani, hukata kipande kidogo kibichi na kukigusisha ulimi. Uchungu kwenye maboga na mamumunye ni sumu halisi, haiondoki kwa kupika, na mara nyingi huja pale damu ya mwituni inapoingia. Akiupata hutema, huosha kinywa, hung'oa shina lote na kulichoma pamoja na matunda yake, kisha huenda kukagua mimea ya jirani iliyokuwa na maua wazi wiki zile, ajue ni maboga gani mengine ya mwaka huu ambayo mbegu zake haziingii ndani.